Ukuta wa Magauni

Walimwita Mama Pini kwa sababu pini hazikumtoka ukosini, hata akienda kumjulia hali mgonjwa. Alianza na meza moja ya magauni kwenye baraza la duka la viatu, akapata chumba chenye dirisha la kioo, kisha akajitosa kwenye kupamba kumbi. Kitambaa cha kupambia alikitoa dukani kwake, akakikunja na kukibana kwa pini bila kukitia mkasi. Jumamosi kilikuwa ukuta wa harusi, Jumatatu kimerudi rafuni, kinauzwa kwa mita.

Basi siku ya harusi yake ya kwanza kubwa, ukumbi wa watu mia tatu, alifika dukani asubuhi kuchukua jora la rangi ya pichi alilolichagua mama wa bibi harusi. Rafu ilikuwa tupu.

"Wifi, jora la pichi liko wapi?"

"Nimeliuza lote jana," akajibu wifi yake aliyemsaidia kuuza dukani, uso ukimng'aa. "Kikundi cha akina mama, wanashona sare."

"Lote?"

"Si wewe uliyesema kitambaa kikidoda, nimpe yeyote atakayekitaka?"

Angegomba nini? Kwamba jora lile lina kazi, alisahau kusema mwenyewe. Akampigia simu fundi wa sare: limeshakatwa. Mama Pini akakaa kwenye stuli. Akiharibu leo, nani atamkabidhi ukumbi tena? Alipoinua macho, magauni ya duka zima yalikuwa yananing'inia mbele yake.

Akampigia mama wa bibi harusi kabla maneno hayajamfikia.

"Mama, nimekosea. Kile kitambaa kimeuzwa. Nataka kutundika magauni."

"Mwanangu, mimi niliagiza harusi, sikuagiza mnada."

"Njoo ukumbini saa tano uone. Ukikataa, nayashusha yote, na lawama ni zangu."

Yeye na wifi wakayapanga kwa rangi: meupe mlangoni, kisha krimu, pichi, waridi, mpaka mekundu nyuma ya viti vya maharusi, mkono wa gauni moja umebanwa begani kwa jingine kama watu wanaocheza. Mama wa bibi harusi akaja, akaukagua ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma. Akarudia.

"Haya. Ila lile lililo wazi mgongoni lisogezeni mbali na meza ya wakwe. Sitaki maswali."

Mchana kutwa shangazi wa bwana harusi hakumpa Mama Pini nafasi ya kupumua. "Nishushie lile la tatu, nijaribu tu."

"Sherehe ikiisha, shangazi. Kwa sasa ni ukuta."

Jumatatu shangazi alikuwa mlangoni kabla duka halijafunguliwa, na nyuma yake mzee mmoja aliyetaka ukuta kama ule kwa harusi ya bintiye. Walipoondoka, Mama Pini akatundika kalenda kubwa katikati ya duka, na penseli kwenye uzi.

"Kuanzia leo, wifi, kabla hujauza jora, soma hapa."

"Na wewe kabla hujaliahidi," wifi akasema, akimpa penseli, "andika hapa."

Mama Pini akaandika.