Shemeji Yangu, Taifa

Mimi ni fundi cherehani wa Ujiji, na anayetaka kuujua ubaya wangu aulize mdomo, asiulize mikono. Mikono yangu haijawahi kuharibu kitambaa cha mtu. Mdomo ndio uliomvunjia dada yangu nyumba.

Dada yangu ni Asia. Mumewe tulimwita Nuhu, jina alilolichukua aliposilimu ili amwoe. Kabla ya hapo alituambia anaitwa Nikodemu, Muha wa ndani huko Kasulu, wazazi wamekufa na ndugu wametawanyika. Siku ya ndoa alisimamiwa na mzee mmoja wa Mwandiga aliyejitambulisha kuwa mjomba wake. Mzee akala pilau, akashukuru, akaondoka, hatukumwona tena. Mama akaninong'oneza, "Hamdani, mjomba gani huyu asiyelijua jina la dada yake?" Nikamwambia aache maneno, mkwe amepatikana, tena mrefu, atatupigia rangi nyumba bila ngazi.

Na kweli alikuwa fundi rangi. Vibao vya maduka kutoka kwetu mpaka Rusimbi viliandikwa na mkono wake, herufi zimenyooka utadhani zimepigwa chapa. Hakuwa na maneno mengi. Mimi ninayo ya kutosha watu wawili, kwa hiyo tulielewana. Alipanga nusu ya baraza yangu, upande mmoja cherehani, upande wa pili makopo ya rangi.

Kwetu shemeji hutaniwa. Usipomtania, majirani watauliza mna ugomvi gani. Nikimwona anainama kuingia mlangoni namwambia, "Shemeji, kichwa kiache nje, kiwiliwili kinatutosha." Anacheka, anaingia, anakaa kwenye mkeka miguu imefika karibu na mlango. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hizo ulikuwa umelegea kupita kiasi.

Mwaka wa tisini na sita Mwalimu Leodgar, aliyekuwa akifundisha vijana mpira wa kikapu kwenye kiwanja cha udongo mjini Kigoma, aliniletea kazi ya jezi kumi na mbili. Nikashona. Namba nikamwachia Nuhu. Siku ya pili nikakuta zimeanikwa kwenye kamba, rangi bado mbichi, na jezi ya kwanza imeandikwa nne. Nikazitafuta moja, mbili na tatu, hazipo. Ya mwisho ilikuwa kumi na tano.

"Shemeji," nikamwambia, "huko Kasulu mkihesabu mnaanzia wapi?"

Hakucheka. Alizitazama jezi zile kama mtu aliyeona kitu chake kimetoka mfukoni bila yeye kujua. Akachukua kitambaa na mafuta ya taa aanze kuzifuta, lakini Mwalimu Leodgar akawa amefika.

Mwalimu alizishika moja moja. "Nani kakufundisha hivi?" akamuuliza Nuhu. Kisha akanigeukia mimi. "Hii ndiyo sheria ya mashindano ya kimataifa, Hamdani. Moja, mbili na tatu hazivaliwi, kwa sababu mwamuzi huzionyesha kwa vidole akihesabu pointi. Vijana wa hapa hujiandikia namba wanazozipenda. Huyu shemeji yako amecheza wapi?"

Nuhu akasema aliona kwenye gazeti. Mwalimu akalipa, akaenda zake. Mimi sikwenda popote. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake na kumwambia kwamba mtu hafuti namba alizoziona gazetini tu.

Akaniambia. Aliniambia huku mikono inaosha brashi, na sauti haikupanda hata mara moja.

"Nilichezea timu ya taifa, shemeji."

Sikumuuliza taifa gani. Kaskazini mwa ziwa letu kulikuwa kunawaka moto tangu tisini na tatu, na watu walikuwa wanashuka kwa mitumbwi na kwa miguu kila siku ya Mungu. Waliotakiwa kambini walikwenda kambini. Yeye Kirundi chake kilikuwa jirani wa karibu sana wa Kiha, akapunguza hapa, akaongeza pale, akakaa mjini.

Timu yao ilisafiri mara moja tu, Nairobi, kwenye mashindano ya mwaliko ya nchi za ukanda wetu. Jozi za viatu vizuri zilikuwa saba, kwa hiyo anayetoka uwanjani anavua, anayeingia anavaa vikiwa na joto. Siku ya kwanza wenyeji hawakuwa na kanda ya wimbo wa taifa wa kina Nuhu. Wakaombwa radhi, ratiba iendelee. Nahodha akakataa. Wakasimama mstari mmoja, kumi na wawili, wakauimba wenyewe kwa midomo, na uwanja mzima ukasimama. "Siku ile," akaniambia, "hatukuulizana nani ni nani."

Walicheza michezo mitano, wakafungwa yote. Huo wa tano walikuwa nyuma kwa pointi moja, muda umekwisha, na yeye amefanyiwa madhambi. Akapewa mitupo miwili, peke yake mbele ya kikapu, hakuna wa kumzuia. Akakosa wa kwanza. Akakosa na wa pili.

"Nilidhani hilo ndilo jambo baya kuliko yote yatakayonipata," akasema.

Kisha akanihesabia wenzake kwa namba. Namba nne aliuawa barabarani. Namba tano hajulikani alipo. Namba tisa alisikia yuko Uvira, ng'ambo ya ziwa, lakini Uvira nayo ilikuwa imeshaingia vitani. Namba saba ndiye aliyekuwa akimpa mpira. Bila namba saba yeye hakufunga hata kikapu kimoja. Na namba saba ndiye aliyewaongoza watu mpaka nyumbani kwa Nuhu usiku wa mauaji, akasimama nje akawaonyesha mlango. Waliokuwa ndani wote walikwisha. Nuhu alipona kwa sababu alikuwa kisimani.

Niliona aibu. Mtu ananipa mzigo kama ule na mimi sikupata la kusema, na nisipopata la kusema hurudia kazi yangu ya siku zote. Asubuhi iliyofuata, alipoinama mlangoni, nikapiga makofi na kusema, "Karibu, Taifa!"

Nilidhani namfariji. Wallahi nilidhani hivyo. Nilitaka ajue kwamba yale aliyoniambia hayakunibadilisha, kwamba bado ni shemeji wa kutaniwa. Naye akatabasamu kidogo, nami nikaona nimepatia. Jina likashika. Wauza dagaa wakamwita Taifa, imamu akamwita Taifa, Asia mwenyewe akiwa na hasira akamwita Taifa. Mama peke yake hakulipenda. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akaniambia. Nikamjibu kwamba jina kubwa kama lile ni koti, linamficha mtu.

Mwaka wa tisini na saba ndio ule wa mvua za elinino. Ziwa lilipanda, matope yakaingia vyumbani, na katika mvua hiyohiyo ikatoka amri kwamba Warundi wote wanaoishi nje ya kambi wakusanywe, awe amekuja jana au miaka ishirini iliyopita, awe ameoa hapa au hakuoa. Malori yalianzia vijijini. Sisi tukajiambia Ujiji ni mjini, hawatafika. Asia alikuwa na mimba ya miezi minane na mtoto wao Nasma alikuwa ndiyo kwanza anajua kusema maneno mawili matatu.

Walifika Alhamisi asubuhi. Askari watatu walisimamisha wanaume mtaani kwetu, mmoja mmoja. Nuhu walimkuta barazani ana kopo mkononi, mimi niko ndani napiga pasi. Nilisikia yote. Walimuuliza kijiji, akataja. Kitongoji, akataja. Walimsemesha Kiha, akawajibu Kiha kizuri kuliko cha yule aliyemuuliza. Wakamwomba stakabadhi ya kodi, akaitoa imekunjwa vizuri, Nuhu Nikodemu, mkazi wa Ujiji. Mkubwa wao akaisoma, akamrudishia, akasema, "Haya, mzee, endelea na kazi."

Moyo ulinitua, na moyo wangu ukitua mdomo haukai kimya. Nikatoka na pasi ya mkaa mkononi, furaha imenijaa, nikasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Taifa! Njoo tunywe chai!"

Yule mkubwa alikuwa amekwisha kugeuka. Akarudi.

"Taifa gani?"

Nikacheka. "Utani tu, afande. Ni shemeji yangu. Eti alichezea timu ya taifa."

"Ya nini?"

Ningesema bao. Ningesema karata. "Ya kikapu," nikasema.

Uso wa askari ukafunguka, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba alifurahi. "Kikapu? Mimi nimecheza kikapu jeshini! Timu yetu ya taifa nimeitazama Dar es Salaam kwa macho yangu." Akampima Nuhu kwa macho kutoka chini mpaka juu. "Basi nitajie watano uliocheza nao."

Nuhu angeweza kutaja watano wowote. Juma, Hamisi, Petro, nani angejua? Nilimtazama nikimwomba kwa macho adanganye. Miaka minne alikuwa amedanganya vizuri. Lakini aliweka kopo la rangi chini, akasimama akanyooka, urefu wake wote, kwa mara ya kwanza barazani kwangu sikumwona ameinamisha shingo. Akawataja. Majina marefu ya Kirundi, moja baada ya jingine, polepole. Alipofika la mwisho akalianza, akaliacha, akalirudia upya likatoka. Nadhani lilikuwa la namba saba. Mpaka leo sijui kama alichoka, au kama aliona kuwakana hao kungekuwa kukosa mara ya tatu.

Askari hakufurahi tena. "Panda lori," akasema, na alisema kwa upole.

Asia alikuja anakimbia kwenye matope na tumbo lake, kanga imelowa, akalishika lori kwa mkono. Walimbandua. Nuhu aliniambia neno moja tu, tena hakunitazama. "Shemeji, Nasma asikae kwenye unyevu." Kisha lori likaondoka kuelekea Mwandiga.

Asia alijifungua baada ya wiki tatu, mtoto wa kiume, hakupumua. Tulimzika bila jina. Alipopata nguvu ya kukaa akaniambia, "Nenda kamtafute mwenzangu. Mwambie." Alikuwa haongei nami tangu siku ile, na hilo ndilo alilonifungulia mdomo.

Nikaenda. Kambini watu walikuwa wamejaa hadi kwenye vilima, mahema ya plastiki na matope, na mbele ya ofisi mstari usio na mwisho. Nilipofika dirishani karani, kijana mwenye adabu, akafungua daftari.

"Shikamoo, mzee. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Nuhu." Nikamtajia na tarehe aliyochukuliwa.

Akapekua. "Nuhu wa tarehe hizo hakuna."

"Nikodemu, basi."

"Nikodemu nani? Kina Nikodemu huku ni wengi. Baba yake nani? Mkoa wake, kilima walichoishi?"

Nikafungua mdomo, mdomo huu, na haukuwa na kitu. Kasulu ilikuwa ya uongo, mjomba alikuwa wa uongo, na pengine Nikodemu lenyewe lilikuwa la uongo. Pale walimwandikisha kwa jina lake la kweli, na jina la kweli sikuwahi kumuuliza. Siku aliyonifungulia moyo nilimuuliza namba, sikumuuliza jina.

"Ni mrefu," nikasema.

"Mzee," karani akasema, "warefu pia ni wengi. Na wengine wamepelekwa kambi nyingine. Hana jina lolote jingine mlilokuwa mkimwita?"

Nyuma yangu watu walinisukuma. Nilitoka kwenye mstari nikatembea kando ya mahema tangu saa nne mpaka alasiri, naita. Naita kwa jina lile nililompa mimi, kwa sababu sina jingine. Watu walitoka kwenye plastiki zao kunitazama. Mama mmoja akauliza jirani yake kwa Kirundi, nikalielewa neno moja tu, taifa, wakanionea huruma, wakarudi ndani. Hakuitika mtu. Labda hakuwapo. Labda alikuwapo, akasikia.

Nilifika Ujiji sala ya Magharibi imekwisha kuswaliwa. Asia alikuwa amekaa mlangoni, Nasma amelala mapajani pake. Nikamwambia sikumpata, kwamba nilimwita kambi nzima sikumpata.

Akamfunika Nasma kwa upindo wa kanga. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama anayetaka kujua tu:

"Ulimwita kwa jina gani, kaka?"