Nimemwombea Nekesa msamaha kwa bosi wake

Wenzangu, leo nimemwaibisha mtoto wangu kazini na bado sielewi nimekosea wapi.

Nimempelekea Nekesa chakula pale ofisi ya kupitisha mizigo mpakani. Kazi yenyewe ameipata juzi juzi tu.

Nakuta amekunja mikono mbele ya kompyuta. Hagusi kitu!

"We Nekesa, andika, bosi anakuja!"

"Mama, kompyuta saa hii haiguswi. Inajisafisha yenyewe kwa ndani. Inafuta rekodi za zamani, inapanga zilizobaki."

Inajisafisha? Bila mtu?

Bosi huyo akaingia. Nikapiga magoti, kama tunavyosalimia wakubwa huku kwetu Lumino.

"Bosi, msamehe huyu mtoto. Si mvivu, labda ni njaa."

Nekesa akajifunika uso.

Bosi alicheka mpaka akashika meza. "Inuka, mama. Mimi ndiye nimemwambia asiguse mpaka mashine imalize. Akiandika sasa, hapo ndipo nitamfukuza."

Jamani, kuna kazi ambayo ukiishika ndiyo unafukuzwa?

Wenye watoto maofisini, nielezeni polepole. Na mniombee, maana tangu mchana Nekesa hapokei simu yangu.