Kalenda ya Agroveti

Jikoni kwetu, nje kidogo ya Eldoret, kalenda ya agroveti, duka la dawa za mifugo, ilikuwa na kazi mbili. Kalamu ya buluu ilikuwa ya ng'ombe: siku ya joto, siku ya kupandishwa, siku ya kuzaa. Kalamu nyekundu ilikuwa yangu, ya siku za hedhi. Mtoto wetu wa tatu alikuwa ametolewa kwa upasuaji kama wenzake, na daktari aliniambia bila kuzungusha kwamba mimba ya nne ingeweza kuniua. Mume wangu ni katekista, kwa hivyo tulijifunza njia ya asili parokiani: kuhesabu siku, kuchunguza dalili za mwili, kujizuia.

Mimi ni mtu wa maswali tangu utoto, na nakiri njia hiyo ilinivutia. Sikuwa nimewahi kuuchunguza mwili wangu hivyo. Ng'ombe nilimjua zaidi.

Mwezi mmoja ng'ombe akapitisha siku yake ya buluu bila hata kulia. Mume wangu alimwita mpandishaji, naye akamtazama mnyama, akacheka.

"Mzee, hiyo kalenda ni ya kukukumbusha tu. Ng'ombe mwenyewe ndio husema. Huyu bado."

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo ya maziwa. Siku yangu nyekundu nayo ilikuwa imepita, siku tisa sasa, na sikuwa nimemwambia mtu. Niliogopa sana.

Kesho yake nikaenda kliniki. Kipimo kikaonyesha sina mimba. Nililia kwanza, kisha nikaanza maswali. Nesi, ambaye huimba kwaya kanisani kwetu, alinieleza kwamba njia ile huwasaidia wengi, lakini kwa mama anayenyonyesha kama mimi siku huvurugika na dalili huwa ngumu kusoma.

"Uliza yote, mama. Mficha uchi hazai."

"Na mimi ndio sitaki kuzaa!" nikamwambia. Tulicheka mpaka wagonjwa wakachungulia.

Kwa padri nilienda pia, maana sikutaka kusikia upande mmoja. "Kanisa halikatazi kupanga," alisema. "Linauliza unapanga kwa njia gani. Dawa linaziita dhambi." Nikamuuliza kama Mungu aliyeweka dalili mwilini siye pia aliyempa mtu akili ya kutengeneza dawa. Akasema akili nayo ina mipaka yake, kisha akaniongezea chai. Niliondoka nikimpenda zaidi, na bado sijaridhika.

Wiki hiyo nikawekewa vijiti viwili vya kuzuia mimba mkononi. Nilipomwambia mume wangu, alichukua ndoo akaenda kukamua. Siku nne hakuligusa jambo hilo, na katika siku hizo niliogopa kumpoteza kuliko nilivyowahi kuogopa kufa.

Jumapili watu walipopanga foleni ya komunyo, nilibaki nimekaa na vijiti vyangu mkononi. Mume wangu huwa wa kwanza. Alisimama, akanitazama.

"Huendi?"

"Unajua kwa nini."

Akaketi tena. Tangu tufunge ndoa sikuwa nimemwona akikosa sakramenti, na benchi zima lilikuwa linatukodolea macho. Akainamisha kichwa, midomo ikicheza. Mimi na maswali yangu, hata pale sikuweza kunyamaza.

"Unamwambia Mungu nini?" nikanong'ona.

"Namwambia nina watoto watatu," akasema, "na naomba aniachie mama yao."