Ukitaka Binti wa Kazi Ipogolo, Kaa Ule Kwanza

Saa mbili asubuhi, malori yanapanda na kushuka barabara kuu ya Ipogolo, Iringa, lakini kibanda cha chai cha Eveline Kalinga kimefungwa. Mwenyewe yuko nyuma ya nyumba ya jirani, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, ananyonyoa kuku.

Jumamosi ndiyo siku yake ya kuuza. Ikiwa njema humbakizia shilingi elfu kumi na mbili. Leo ameamua kuziacha ziende na madereva wake.

"Kuna mgeni anakuja kuchukua mtu," anasema huku akimmwagia kuku maji ya moto. "Sasa utachukuaje mtu kwenye nyumba ambayo hujawahi kukaa ukala?"

Mtu mwenyewe ni Happy, binti wa miaka ishirini, mtoto wa Sosthenes na Esta, wakulima wa nyanya wenye nyumba hii. Mgeni ni Saida Alawi, muuza vitenge wa Mbalizi, Mbeya, anayetafuta msichana wa kazi za nyumbani.

Katika nchi hii, ukitaka msichana wa kazi utaambiwa mtafute wa Iringa. Wapo wanaoichukulia hiyo kama sifa. Eveline inamkera, na hafichi.

"Ukitaka kuoa mtoto wa mtu unatuma mshenga, unapiga hodi, unasubiri ukaribishwe," anasema. "Ila ukitaka mtoto huyohuyo akulelee watoto, akupikie, akulindie nyumba ukisafiri, unapiga simu tu: nitumie kwenye basi. Kama gunia la viazi!"

Anajua anachokisema. Alikwenda Mbeya akiwa na miaka kumi na tisa, akatumikia nyumba moja kwa miaka kumi na moja, na mshahara wake wa mwisho ulikuwa shilingi elfu arobaini. Hakupigwa wala hakulala njaa, na husisitiza hilo ili asije akawasingizia watu.

Kilichomuumiza ni kitu kingine. Mama yake alipofariki, aliingia sebuleni analia kuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Mwajiri wake akamtazama, akasema, "Kumbe ulikuwa na mama?"

"Hakusema kwa ubaya," anasema Eveline, na hapo mikono inatulia juu ya kuku. "Alishangaa kweli. Ndo ikaniuma zaidi."

Hakurudi tena Mbeya. Alifungua kibanda Ipogolo, na kwa kuwa makonda na madereva wote wanamfahamu, namba yake ilianza kuzunguka kwa watu wanaotafuta wasichana wa kazi. Hachukui senti ya mtu, si ya mwajiri wala ya mzazi. Sharti lake ni moja: mwajiri afike nyumbani kwa binti, akae na wazazi, wale pamoja, na maneno yote yasemwe hapohapo binti akiwa anasikia.

Wengi wakisikia hivyo hukata simu. Mwezi uliopita bwana mmoja alifika na gari lake zuri, akashusha kioo na kuomba binti aletwe amwone.

"Nikamwambia, baba, hapa Ipogolo dirishani mwa gari tunauza vitunguu," anasimulia Eveline, na Esta, anayechambua mboga za maboga kando yake, anacheka hadi anashika mbavu.

Sosthenes hacheki. Bwana yule alikuwa amekuja kwa ajili ya Happy. Tangu aondoke, majirani wamekuwa wakisema masharti ya Eveline yanawakosesha watoto kazi. Sasa kuna dalali aliyeahidi kumpeleka Happy Dar es Salaam na kumlipia nauli, na basi ni kesho asubuhi.

"Nimempa dada Eveline hii Jumamosi," anasema Sosthenes. "Ikishindikana leo, mtoto anapanda hilo basi. Nitafanyaje? Nyanya mwaka huu zimeozea shambani."

Huko Dar es Salaam ni kwa nani? Hajui, na dalali hajasema.

Saa sita Saida anafika. Amelala kwa ndugu zake Mlandege, hapahapa mjini Iringa, na gari ameliacha barabarani kwa sababu njia ya kupandia hapa ni ya miguu. Anahema, viatu vimejaa vumbi, lakini anapiga hodi.

"Kamwene, mama, karibu sana," anampokea Esta kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene," anajibu Saida, na matamshi yake yanawachekesha watoto wa jirani.

Ugali unaletwa, mboga, na bakuli la kuku. Firigisi, kama ilivyo ada, anawekewa mgeni. Saida anaitazama. Anaichukua taratibu na kuihamishia kwenye sahani ya Sosthenes. Kisha anamega tonge dogo, anachovya kwenye mboga, na kusema ameshiba, alikunywa chai nzito Mlandege.

Sosthenes anaacha kula. Mgeni aliyepewa heshima ya nyumba ameirudisha mbele ya mke na mtoto wake. Anayeandika haya, aliyekuwa ameshika paja, analirudisha sahanini kwa aibu ambayo si yake.

Eveline ameinamisha kichwa. Baadaye atasema kuwa wakati ule alikuwa anaisikia tena sauti ya yule mwajiri wake wa Mbeya, na anafikiria namna ya kumwambia Sosthenes kuwa imeshindikana, mtoto apande basi la kesho.

Ni Happy anayemgeukia Saida.

"Mama, kuku kachinjwa na babu Shamsudin, wa pale dukani. Mimi ndo nilimpelekea."

Saida anajifunika uso kwa mtandio. Mabega yanatikisika, na inachukua muda watu kuelewa kuwa anacheka.

"Mwanangu, si ungesema toka mwanzo!" anasema. "Niliona haya kuuliza. Nitaulizaje mtu kanichinjia kuku, nimuulize kachinja nani? Chai yenyewe sijanywa. Nina njaa mimi!"

"Sisi tukajua chakula chetu hakifai," anasema Sosthenes.

"Hakifai nini, kaka yangu? Hebu nirudishie firigisi yangu."

Inarudi. Baada ya hapo hakuna anayehitaji kusukumwa aseme. Sosthenes anauliza binti yake atalala wapi. Chumba kimoja na binti wa Saida, kitanda chake mwenyewe. Esta anauliza kuhusu ibada. Kanisa la Kilutheri liko jirani, Jumapili ni yake. Happy mwenyewe anataka mshahara, shilingi laki moja na ishirini, uingie kwenye simu yake na si ya mtu mwingine, na jioni mbili kwa wiki ajifunze cherehani dukani kwa Saida.

"Jioni mbili sikuwa nimezipanga," anasema Saida. Anafikiri kidogo. "Haya. Lakini na mimi niwe mkweli. Nimekaa na wasichana wanne, sikujua hata mmoja kwao ni wapi. Mmoja aliondoka bila kuaga, nikamwita mwizi. Sikuwa na pa kwenda kuulizia."

Eveline hajidanganyi. Binti mmoja aliyemwombea kazi kwa utaratibu huuhuu alirudi baada ya miezi miwili, amekonda. "Kula ugali pamoja siyo dawa," anasema. "Ila yule mzazi alikuwa anajua nyumba ilipo. Alikwenda mwenyewe kumchukua mtoto wake."

Jioni Happy anashuka na begi lake, Saida ameshika upande mmoja wa mkanda. Sosthenes anampigia dalali kumwambia asimhesabu. Kabla ya kuingia kwenye gari, Saida anageuka na kuwaalika wazazi pamoja na Eveline Mbalizi mwezi ujao, nao waone mtoto wao anaishi wapi.

Gari likiondoka, Eveline anafungua kibanda awahi wateja wa jioni. Kuna wazazi wengine wawili wanaomsubiri, na ndoto yake ni siku moja pasiwe na binti wa Ipogolo anayeondoka bila mwajiri kupiga hodi kwao. Lakini kwanza ana safari ya Mbalizi.

"Miaka kumi na moja nimefuta makochi ya watu kule, sijawahi kukalia hata moja," anasema. "Safari hii napita mlango wa mbele, na ninakaa. Na Happy akinyanyuka kwenda kutuchemshia chai, nitamvuta gauni. Nitamwambia, kaa chini mwanangu, leo wageni ni wako."