Garifalia na Divai ya Mbuzi

Shemeji yangu Garifalia haogopi mtu. Hapa kijijini kwetu, juu milimani, kisiwani Krete, aliwahi kumnyang'anya padri glasi ya divai nyekundu mbele ya watu, kisa padri alikuwa anakula konokono. Kwake yeye, konokono wa kukaanga kwa siki ni wa divai nyeupe. Mbuzi wa kuchemsha, na wali uliopikwa kwa supu yake, ni wa nyekundu iliyokaa miaka. Ukitaka kuchanganya, nenda kale kwenu. Mwenye ubavu wa kubishana naye ni mimi tu, niliyesoma hadi darasa la sita, na ulimi wangu unajua divai kuliko daktari anavyolijua ini langu.

Lakini ikifika Septemba, mwanamke huyo hupita mbali na mlango wa ghala la chini kama kuna nyoka. Ndio wakati zabibu zilizokamuliwa zinachacha na kuchemka zenyewe mapipani, zikitoa hewa mbaya isiyoonekana, inayolala sakafuni. Baba yake alishuka kuchota jagi moja tu. Walimtoa maiti.

Kwa hiyo tuna mtindo wetu. Anayeshuka Septemba hufungwa kamba kiunoni na husema bila kukoma, matusi hasa, maana hayo hayatuishii. Sauti ikikatika, walio juu wanavuta.

Siku moja ya Septemba wakwe wa binti yake walikuwa wameshakaa mezani, mbuzi ameiva, na nyekundu ya jikoni imekwisha; nyingine iko ghalani tu.

"Wape nyeupe," kaka yangu Manousos, mumewe, alimwambia.

"Na mbuzi? Bora wanywe maji."

"Mwanamke wewe, utaniua kwa ajili ya nyama."

Akajifunga kamba kwa hasira, akashuka. Garifalia aliishika kwa mikono miwili.

"Mama yako alikuwa anapika kama anafua nguo," Manousos alianza kule chini.

"Endelea," Garifalia alisema.

"Dada yako ana masharubu."

"Endelea, mume wangu."

"Na huyo mdogo wangu hapo juu, kazi yake kuonja tu..."

Kimya.

"Kanuna huyo," nikasema. "Namjua tangu utotoni, akikasirika anakuwa jiwe."

Garifalia hakunisikia. "Manousos?" aliita, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Nitukane." Kamba haikutikisika. "Nitukane, nakuomba."

Hapo hata mimi, mwanamume ninayejulikana bonde zima, niliidaka kamba. Tukavuta. Alikuja mzito kama gunia lililoloa, akigonga ngazi moja baada ya nyingine. Tulimlaza uani, midomo ya buluu. Garifalia alimpiga makofi mashavuni, akimwita, akimpiga tena, mpaka akakohoa na kufumbua jicho moja, likanitafuta.

"...na kulala," akasema.

Jagi lilibaki chini. Garifalia alifunga mlango wa ghala kwa komeo, akalijaribu komeo, akalijaribu tena. Kisha akapeleka mbuzi mezani, akawamiminia wakwe divai nyeupe. Kila glasi aliijaza mpaka ikamwagika.

Mkwe mmoja akaonja. "Mbona inaendana vizuri tu, mama."

"Haiendani," Garifalia alisema. "Kunyweni."

Mpaka leo, Septemba kwake mbuzi huliwa kwa divai nyeupe, na hakuna anayethubutu kumcheka. Ila watu wajue: kamba ile, aliyevuta zaidi ni mimi.