Nimelitangaza bwawa la mwanangu kanisani, naye analijaza udongo

Mwanangu wa kwanza amenunua nyumba yenye bwawa la kuogelea, hapa hapa London, na Alhamisi hii lori linakuja kulijaza udongo. Tangu niambiwe sijala nikashiba.

Habari zenu wanangu na wadogo zangu wa ukurasa huu. Admin nifichie jina, maana wenzangu wa kanisani nao wamo humu. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, mzaliwa wa Tabora, elimu yangu darasa la saba. Nakaa Edmonton, kazi yangu kutunza wazee majumbani, kuwaogesha na kuwalisha. Kwa kazi hiyo nimesomesha watoto watatu, na huyu mkubwa anafanya mambo ya kompyuta benki. Sijisifu, ila nitajieni mama mwingine wa kanisa letu ambaye mwanawe ana nyumba Harrow, sembuse yenye bwawa.

Nyumba ile aliiuza mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, Kiswahili anakijua vizuri. Siku tuliyokwenda kuiangalia akaniambia, "Mama, mshauri kijana afukie hilo shimo. Mimi limenizeesha." Nikadhani ni kijicho. Mwanangu alikuwa anasitasita, nikamwambia mbele ya yule mzee, "Baba, ufukie? Kwenye ukoo wetu nani amewahi kuwa na maji yake ya kuogelea?" Akacheka, akanunua. Hapo nakiri nilimsukuma.

Majira ya joto yaliyofuata nilikuwa nakwenda kila Jumapili baada ya ibada na akina mama wa kikundi chetu. Tunapanda treni na sufuria la pilau, tukifika tunaingia majini na kanga zetu, nyingine mpya zinachuja rangi, vichwani mafuta, mwilini mafuta ya nazi. Tulifurahi jamani. Mama mmoja akaniambia, "Dada, wewe umezaa, sisi wengine tumejifungua tu." Nilitembea na neno hilo wiki nzima.

Kumbe kila tukiondoka fundi anaitwa. Chujio limeziba, maji yamekuwa mekundu mekundu. Yule fundi Mwingereza alimuuliza mwanangu kama kuna mtu anakaangia samaki humo. Mimi sikuambiwa. Mkwe wangu alikuwa ananiamkia na kunipa chai tu.

Na hayo ni ya fundi tu. Bwawa lile halipumziki. Pampu lazima izunguke hata kama hakuna mtu anayeogelea, la sivyo maji yanaota ukijani. Hita inakula umeme mchana kutwa. Klorini ikiisha inanunuliwa nyingine. Mbweha wa mtaani wakachana kava kwa kucha, likanunuliwa jipya, wakalichana na hilo. Kisha plastiki ya ndani ikatoboka, maji yakawa yanavuja ardhini na mita ya maji inahesabu. Watu wa bima nao wakataka uzio kwa sababu ya watoto, uzio ulipowekwa wakapandisha bima vile vile. Mkwe wangu ni nesi, akaanza kuingia zamu za wikiendi. Nikawa nawaambia watu hataki kukaa nyumbani na mume. Mungu anisamehe.

Sasa mwezi uliopita mchungaji alisema pale tunapokodi maji ya ubatizo wamepandisha bei. Mdomo wangu ukaniponza. Nikasimama katikati ya ibada nikasema, "Mchungaji, kwa nini tukodi maji ya watu wakati mwanangu ana maji yake?" Kanisa lote likapiga makofi. Kwaya ikaimba. Mwanangu sikuwa nimemwuliza, nikajua nitamwambia tu, kwani mimi si mama yake?

Juzi nikaenda kumwambia. Nikakuta pampu imezimwa, maji ya kijani. Akanipeleka kwenye mita, akasema, "Mama, mwezi uliopita hili bwawa limekula kuliko watoto wangu wawili."

Nikamwambia, "Watoto si wanaogelea humo, baba?"

Mjukuu wangu, ambaye siku zote ananijibu Kiingereza, akanijibu Kiswahili, "Bibi, sisi hatuogelei. Baridi."

Nikatoa habari ya ubatizo. Mkwe wangu akaweka kikombe mezani. "Mama," akasema polepole, "wageni ni wako, bili ni zetu."

Niliumia. Miaka yote hiyo hajawahi kunitolea neno. Nikasema basi nitalipa mimi, nitaongeza zamu, liwashwe kwa siku moja tu halafu wafukie. Mwanangu akanishika mkono. "Wewe umenisomesha kwa kuogesha wazee wa watu. Sitaki hela yako. Nilitaka uniulize tu. Hata siku ya kununua hukuniuliza, uliniambia." Kisha akasema lori limeshalipiwa, na mchungaji nimwambie mimi mwenyewe, mbele za watu, kama nilivyotangaza mbele za watu.

Wanangu, nimeshika simu mara nne kumpigia mchungaji, nikaishia kuuliza hali ya mkewe. Nikisema ukweli, wale akina mama niliowalisha pilau watanicheka mpaka nife. Nikinyamaza, watu watafika kwa mwanangu na kukuta udongo, aibu imwangukie yeye ambaye hajamkosea mtu. Mlio na akili kuliko mimi niambieni, naanzia wapi kusema? Na mwanangu nitamwombaje msamaha, mimi ambaye sijawahi kumwomba mtoto msamaha?

Msichelewe kunijibu. Jana mchungaji ametangaza tena, watu kumi na mmoja wanabatizwa, na ndugu zao wanatoka mpaka Thornton Heath. Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, Harrow, kila mtu aje na taulo lake.