Ukurasa wa Malengo na Samaki wa Kilwa

Patroni wangu ana ugonjwa mmoja ambao nimeshindwa kumtibu: akitoka ibadani Jumapili, Jumatatu anakuja kazini na lengo jipya. Ana malori hapa Lubumbashi. Wazazi wake walihamia kutoka Kasai wakiuza vitambaa, kwa hiyo biashara anayo damuni. Mara anataka lori lisirudi tupu. Mara anataka mzigo umfikie mteja upesi, hata lori likirudi na hewa tupu. Mara mazuti, yaani dizeli, yamepanda bei, basi safari zipunguzwe. Waliomtengenezea programu kabla yangu waliyatia malengo yake ndani kabisa, kama chumvi kwenye mchuzi, na kila alipobadili nia ilibidi waitwe, wafungue, waharibu, wafunge. Mwishowe akachoka nao, akaniita mimi.

Nilimwambia sitatia lengo lolote ndani. Nitayaweka yote nje, kwenye ukurasa mmoja, na yeye mwenyewe atayapandisha na kuyashusha apendavyo. Kila lengo litakuwa na jina, uzito na kipimo, yaani kitu ambacho programu inaweza kukihesabu, kama mazuti au saa za njiani. Lengo lisilo na kipimo litakataliwa. Kila asubuhi programu itazipima njia zote na kupanga malori yaende wapi kwanza.

"Na siku nikiamuka na akili ingine?" aliniuliza.

"Utabadirisha weye mwenyewe, patron. Miye nitakuwa nalala."

Alicheka mpaka akakohoa, akanipa kazi. Nami niliifanya vizuri, siwezi kujidai mnyenyekevu. Wenzangu wa fani hii walikuja kuuona ule ukurasa, na nilikuwa nawaonyesha kwa madaha kama bibi harusi anayeonyesha pete.

Sasa niseme habari ya Kilwa, Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani. Mama yangu anaishi huko, kando ya ziwa Moero, na hataki kuhamia mjini. Katika nyumba yangu ya mtaa wa Annexe, hapa mjini, nimemjengea chumba chenye dirisha linalotazama mahindi. Alikuja, akakaa kidogo, akasema mji huu hauna upepo, akarudi kwake. Barabara ya huko ni adhabu. Mvua ikinyesha, lori linaweza kulala matopeni hadi dereva aote ndevu. Simu ipo na tunaongea. Ila kwa mama simu ni ya habari tu. Akitaka kunipenda, ananipenda kwa samaki.

Nilipoanza kazi, lengo kubwa la patroni lilikuwa lori lisirudi tupu, na hapo Kilwa haikuwa na mpinzani. Lori liliondoka na saruji na sukari, likarudi limejaa samaki wa wachuuzi. Programu iliipenda Kilwa kama iliyozaliwa huko. Basi kila juma dereva wa njia ile, baba mmoja mpole wa rika la marehemu baba yangu, alirudi na mfuko wa unga uliogeuzwa ndani nje na kufungwa kwa kamba ya wavu. Ndani mlikuwa na makobo, wale samaki wanene wa ziwa letu, waliokaushwa na mama kwa moshi wake mwenyewe. Madereva wote wa kampuni hubeba mizigo ya namna hiyo kwa ajili ya wafanyakazi. Ni desturi yetu. Hailipiwi, haimo kwenye mpango wowote, na dereva atakayeugusa mfuko wa mama wa mtu bora ahame mji.

"Mama ingénieur, kuya ukamate mutoto yako," yule baba alikuwa akiniita getini, mfuko mkononi. "Amenisumbua na harufu njia yote!"

Jioni hiyo nilisonga bukari, ugali wetu, nikamchemsha samaki na nyanya, na nyumba yote ikanuka jiko la mama. Sikujua kama nilikuwa na hamu naye. Hamu ikilishwa kila juma haipigi kelele.

Kisha mwaka huu mvua zikawahi, malori yakaanza kuvunjika chuma baada ya chuma, na Jumatatu moja patroni akakaa peke yake mbele ya ukurasa wangu. Akapandisha lengo la kuokoa mazuti. Akapandisha uzima wa malori. Lile la kutorudi tupu akalishusha mpaka chini. Hakuniita, na ndivyo nilivyotaka, asiniite. Kesho yake mpango ulitoka: Kasumbalesa, Likasi, Kambove. Kilwa ilikuwa chini kabisa, miongoni mwa njia zisizoendwa. Niliikagua programu nzima nikitafuta kosa, tena nikiomba nilipate. Halikuwapo. Ilikuwa imefanya kile nilichoifundisha.

Nikampigia mama simu kumweleza kuwa lori halitakuja.

"Kamyo haitakuya tena huko, mama. Juu ya barabara."

"Haya," alisema. Akaniuliza kama kikohozi changu kimeisha.

Nikajaribu samaki wa sokoni. Walitoka ziwa lilelile, wazuri tu, lakini nilikula nikakasirika, kwa sababu moshi wao ulikuwa wa mtu mwingine. Hamu ya mama niliisikia kwa ulimi na kwa pua. Kazini nilianza kuwa mkali kwa watu wasio na hatia. Lori likiingia getini nilinyanyuka kwenye kiti, kisha nikakaa tena.

Mwishowe nikaenda kwa patroni, nikasema bila kuzunguka.

"Patron, rudisha Kilwa."

"Juu ya nini?"

"Mama yangu iko kule."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliigeuza kompyuta yake ikanielekea.

"Hii page ni ya kwako. Andika objectif ya mama. Weka uzito yenye unataka, miye sitaigusa."

Nikakaa. Kwenye jina niliandika: mama. Kwenye uzito niliweka wa juu kabisa, bila aibu. Kisha kisanduku cha tatu kikafunguka na kuniuliza lengo hili litapimwa kwa nini. Swali lile nililiandika mimi. Nikafikiri: kilo za samaki? Programu itaniletea samaki wa barafu kutoka mpakani na kuridhika. Safari za Kilwa? Itatuma lori lolote, na lori likirudi bila mfuko wangu itasema tumefaulu. Siku ambazo sijamwona? Hizo itazihesabu vizuri sana, lakini kuzihesabu kunanisaidia nini? Ningeweza kuingia ndani ya programu na kuifunga Kilwa pale juu kwa msumari, mtu asiweze kuishusha. Lakini nilimfikiria yule baba dereva, kiuno matopeni, akisukuma lori kwa ajili ya tumbo langu. Nikafuta nilichoandika.

"Acha, patron."

"Hata miye nilijaribuka siku moja kuweka kintu ya vile," alisema taratibu. "Ilinikatalia."

Akaigeuza tena kompyuta ikamwelekea yeye.

Mvua zilipokatika niliomba likizo, nikapanda gari la wachuuzi kwenda Kilwa. Nilifika nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye uchanja wake, ameinamia moshi, na kando yake palikuwa na mfuko wa unga uliogeuzwa ndani nje.

"Ulikuya na kamyo?" aliniuliza, kabla hata ya kunikumbatia.

"Hapana, mama. Si nilikuambia haikuye tena?"

"Nilisikia."

Kumbe hakuacha. Jirani yake ndiye aliyenieleza: kila juma mama alikausha, akafunga, akaubeba mfuko mpaka pale malori yetu yalipokuwa yakisimama, akakaa. Jua likishuka alirudi nao na kuwagawia watu samaki. Kesho yake alianza upya.

Alinipikia. Yeye hakula, alinitazama tu nikila, akinisogezea vipande vinono kama nilipokuwa mdogo, na mimi nilitafuna polepole maana sikutaka sahani iishe. Nilikuwa na hamu naye, naye yupo mbele yangu. Nilipokwisha kunawa alirudi kwenye uchanja, akageuza samaki mmoja, akauliza bila kunitazama:

"Sasa ya juma yenye inakuya, nikaushe ao niache?"

Hakuna anayeujua ule ukurasa kunishinda. Nilijua Kilwa iko wapi kwenye orodha, nilijua ni nini kingepaswa kupanda ili ipande nayo, na nilijua patroni hatakipandisha mwaka huu. Mama alikuwa ameshika kamba ya mfuko mkononi, akisubiri.

"Kausha, mama," nikamwambia.